Stadi za Kuishi na Watu Kazini: Somo Lililoanzia Malishoni

Maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vijana wanaotafuta ajira, watumishi wa umma na waajiri wa Kaunti ya Isiolo



Kuna simu ambayo mtafuta kazi huwa haisikii. Mwenye hoteli mjini Isiolo, au msimamizi wa ujenzi, au meneja wa kambi ya watalii karibu na Buffalo Springs, amekwisha kuangalia vyeti vya kijana na kuona viko sawa. Kisha anampigia mtu aliyewahi kufanya kazi na kijana huyo. Haulizi alipata alama gani shuleni. Anauliza: "Huyu ukimwambia kitu, anasikia? Anaelewana na wenzake? Pesa ikipungua, atasema mwenyewe au mpaka utafute?" Mazungumzo hayo ni ya dakika mbili, na mara nyingi kazi hupatikana au hupotea hapo.

Sheria inaligusa jambo hili, ingawa wafanyakazi wengi hawajui. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi, isipokuwa yule aliyefanya kazi chini ya majuma manne mfululizo. Hati hiyo huonyesha jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, siku aliyoacha, aina ya kazi na mahali alipoifanyia. Hiyo ni haki yake hata kama waliachana kwa ugomvi. Lakini kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa barua ya kusifu tabia ya mtu wala ubora wa kazi yake. Basi tarehe zitaandikwa kwa lazima, na tabia itasemwa kwa hiari. Mazungumzo ya leo yanahusu hiyo sehemu ya hiari.

Wataalamu wa ajira huita mambo haya stadi laini: kusikiliza, kueleza jambo likaeleweka, kushirikiana, kujizuia hasira, kuomba radhi, kufika kwa wakati, kupokea lawama bila kununa. Jina hilo linawapotosha watu kidogo, kana kwamba ni mambo mepesi. Asili yake ni jeshini. Desemba 1972 jeshi la nchi kavu la Marekani lilifanya mkutano huko Fort Bliss, Texas, kuhusu mafunzo ya aina hii, kwa sababu lilijua vizuri namna ya kumfundisha askari kuendesha kifaru au kutengeneza bunduki, lakini halikuwa na uhakika namna ya kumfundisha kuongoza watu na kusimamia kazi. Isiolo ni mji wa kambi na vyuo vya jeshi, kwa hiyo hapa si vigumu kuelewa. Kijana anayedhani kusikiliza na kuomba radhi ni mambo ya wanyonge na ajue kwamba waliohangaika kuyafundisha walikuwa maafisa wa jeshi. Hata hapa Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 unataja umilisi saba wa kimsingi, na mawasiliano na ushirikiano ni mmojawapo.

Kwa nini jambo hili lizungumzwe Isiolo sasa? Kwa sababu vijana wengi kuliko zamani wanatafuta kazi ya mshahara. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo katika Pembe ya Afrika, na familia nyingi za Merti, Garbatulla, Sericho na Oldonyiro zilipoteza mifugo ambayo ndiyo iliyokuwa mshahara, benki na bima yao. Kijana ambaye babake angemgawia ng'ombe wa kuanzia maisha sasa anaambiwa aende mjini akajaribu bahati. Anafika na cheti cha kidato cha nne, pengine na cheti cha chuo cha ufundi, na anajiona hana uzoefu wowote. Kwenye fomu, pale panapoulizwa kazi alizowahi kufanya, anaandika: hakuna.

Hapo ndipo anapokosea. Mtu aliyechunga tangu akiwa na miaka saba amefanya kazi, tena kazi ngumu yenye masharti. Shida ni kwamba anapofika mlango wa ofisi anayaacha masharti hayo nje pamoja na fimbo.

Tazama namna zizi linavyokabidhiwa. Mchungaji anayekwenda nyumbani siku chache hampi mwenzake fimbo na kuondoka. Wanasimama pamoja jioni wanyama wakiingia. Wanahesabu. Anaonyesha yule mwenye kidonda mguuni, yule aliyezaa juzi na ndama wake bado hajui kunyonya vizuri, yule mtoro anayependa kubaki nyuma. Anasema ni kisima gani kina foleni na ni upande gani fisi walisikika. Anasema atarudi siku gani, na asiporudi ni nani atakayekuja badala yake. Kazi ikibadili mkono bila maneno hayo, asubuhi kunakosekana mnyama na hakuna anayejua tangu lini.

Sasa mtazame kijana huyo huyo akiwa mlinzi, mhudumu wa hoteli au karani wa stoo. Anapigiwa simu usiku: mjomba amefariki Kinna, au mifugo ya nyumbani imeibwa. Anaondoka alfajiri. Hamwambii msimamizi, haachi ufunguo kwa mtu, hasemi kuna mizigo itakayoletwa Jumatano. Huko anakokwenda mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Siku ya tano anarudi na kukuta mtu mwingine ameketi mahali pake. Analalamika kwamba ameonewa, na jamaa zake wanaanza kuuliza huyo mpya ni wa kabila gani. Lakini Sheria ya Ajira, kifungu cha 44, inataja kutoonekana kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa mojawapo ya makosa yanayoweza kumfanya mtu aachishwe kazi papo hapo. Msiba ni sababu ambayo karibu kila mwajiri wa Isiolo angeielewa, kwani naye huzika. Kilichokosekana ni maneno matatu au manne kabla ya kupanda gari: "Bosi, nimefiwa, naenda Kinna. Ufunguo uko kwa mwenzangu. Mzigo wa mchele unakuja Jumatano, risiti iko kwenye droo. Nitarudi Jumatatu, na nikichelewa kaka yangu atakupigia." Ujumbe huo unaweza kutumwa hata saa tisa usiku. Msimamizi atausoma akiamka.

Malishoni kuna kanuni nyingine. Mnyama akipotea, mchungaji husema jioni ile ile. Anajua atakemewa, pengine atachapwa, lakini anajua pia kwamba kufikia asubuhi upepo utakuwa umefuta nyayo. Habari mbaya ina thamani ikiwa bado mbichi. Ofisini watu wazima husahau jambo hili kwa namna ya kushangaza. Mwenye sanduku la pesa anapungukiwa shilingi 800 siku ya Jumanne. Kama angesema Jumanne, pengine ingegundulika kwamba mteja fulani alirudishiwa chenji mara mbili. Ananyamaza. Jumatano anakopa ili afidie, Ijumaa anamlipa aliyemkopa kutoka kwenye sanduku lile lile, na mwisho wa mwezi wakaguzi wanakuta upungufu ambao hawezi kuueleza hata kama hakuiba. Wakati huo kila neno atakalolisema litaonekana la kujitetea. Dereva aliyesikia gia ikilia na akakaa kimya, muuguzi aliyeona dawa zinakaribia kwisha akadhani mwingine atasema, fundi aliyekata bomba fupi kuliko kipimo: wote ni wale wale. Msimamizi mwenye busara hupandwa na hasira kwa upungufu, lakini humwamini zaidi aliyeusema. Naye msimamizi anayempigia kelele kila mtu anayeleta habari mbaya asishangae akiona haletewi tena, mpaka gari lizime katikati ya barabara ya Moyale.

Mfano mwingine upo soko la mifugo. Dalali hana duka na mara nyingi hana hata mnyama wake mwenyewe pale sokoni. Anachouza ni uhusiano. Anamjua mnunuzi aliyetoka mbali, anamjua mchungaji aliyetembea siku mbili, anasema lugha ya kila mmoja wao, naye ndiye anayesimama dhamana kwamba yule ng'ombe si wa wizi. Akidanganya mara moja, habari hufika soko linalofuata kabla yake. Kwa hiyo dalali mzuri amejifunza mambo ambayo makampuni makubwa hulipia semina: kumwacha mtu amalize kusema, kurudia bei kwa sauti ili pande zote zisikie kitu kimoja, kutomdhalilisha aliyekataa kununua leo kwa sababu atarudi juma lijalo, kumtuliza mwenye hasira bila kumwambia ana hasira. Ni kweli wapo madalali wanaowanyonya wafugaji, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kijana aliyekaa na dalali mwaminifu misimu miwili na kisha akaenda kuomba kazi ya kuuza simu au kupokea wageni wa hoteli ana mengi ya kujieleza nayo. Kwenye fomu aandike: alisaidia kupatanisha wauzaji na wanunuzi wa mifugo, kwa Kiswahili, Kiborana na Kisamburu. Asiandike "hakuna".

Wazee wa Kiborana wana cheo kinachofaa kuangaliwa na kila anayekaa dirishani kuhudumia watu. Katika visima virefu, abba herega ndiye mwenye kupanga zamu za kunywesha. Kiu ni kubwa, maji ni kidogo, na kila mwenye mifugo ana sababu nzuri ya kutangulizwa. Abba herega akishindwa kazi yake, fimbo huinuliwa. Anafaulu kwa sababu zamu inajulikana na wote, kwa sababu anayeambiwa asubiri huelezwa anasubiri nini na mpaka lini, na kwa sababu mgeni aliyetoka mbali husalimiwa kabla ya kukataliwa. Salamu ya Kiborana ni nagaa, yaani amani, na huulizwa amani ya watu, ya mifugo na ya kule mtu alikotoka kabla ya shida iliyomleta.

Linganisha na dirisha la ofisi. Mama amepanda gari alfajiri kutoka Merti kufuatilia karatasi ya mtoto wake. Mhudumu hainui macho kutoka kwenye simu yake. Anasema, "Rudi kesho." Kesho kwa mama huyo maana yake ni nauli nyingine au kulala mjini kwa mtu. Labda ni kweli karatasi haiko tayari. Labda afisa wa kuitia saini yuko safarini. Mhudumu hana uwezo wa kuitia saini mwenyewe. Lakini ana uwezo wa kusema: "Karibu, mama. Shikamoo. Karatasi iko kwa afisa, amesafiri, anarudi Alhamisi. Nipe nambari yako nikupigie ikiwa tayari, usije bure." Maneno hayo hayagharimu bajeti ya idara yoyote. Katiba ya Kenya, Ibara ya 232, inawataka watumishi wa umma wahudumie wananchi upesi, bila upendeleo na kwa usawa. Haikuandika salamu, lakini mwananchi huanza kuupima usawa huo kwenye salamu: anaangalia ni nani aliyeamkiwa kwa lugha yake na kucheka naye, na ni nani aliyeambiwa arudi kesho.

Hapa panafaa kusimama kidogo, kwa sababu Isiolo si mji wa jamii moja. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana, Wameru na wengine wengi hukutana sokoni, hospitalini, katika ofisi za kaunti na kwenye mitambo ya ujenzi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inataka wanaoajiri wahakikishe angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zinajazwa na watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Sheria inaweza kuwaketisha watu katika chumba kimoja, lakini haiwezi kuwafanya wazungumze. Wafanyakazi watatu wanapogeukia lugha yao katikati ya mkutano, wa nne hajui kama wanajadili kazi au wanamjadili yeye, na kwa kawaida hudhani la pili. Hakuna ubaya mtu kuongea lugha ya mama yake wakati wa chai, ni urithi. Ila maagizo ya kazi, hesabu na lawama na visemwe kwa lugha ambayo kila aliyemo anaielewa. Hali kadhalika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Ujumbe wa sauti wa kumteta mwenzako husambaa haraka kuliko uwezo wa mtu yeyote kuufuta, na ugomvi wa ratiba ya zamu unageuka kuwa ugomvi wa koo kabla jua halijatua.

Mfano mkubwa wa namna ya kuzima moto wa aina hiyo uko kaunti jirani ya Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipigana vibaya. Uhasama uliingia hata sokoni: mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule. Baadhi ya wanawake, wakiwemo walimu na watumishi wa serikali, walianza kuzungumza baada ya kukutana arusini. Miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu, aliyezaliwa mwaka 1964. Hawakuanza kwa kuwahubiria wazee. Walianza sokoni, mahali walipokuwa na sauti, wakakubaliana kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo, wakaweka kamati ya kusikiliza malalamiko kila yalipotokea. Soko lilipotulia ndipo walipowafikia wazee, kwa heshima ya mtoto kwa mzazi, wakaomba wazee wa koo ndogo zisizokuwa katikati ya vita wawe wapatanishi. Septemba 1993 wazee walitia saini makubaliano yaliyojulikana kama Azimio la Al Fatah.

Waliofanya kazi ofisini wataona mara moja kilichotumika pale. Kujua ni nani azungumze na nani kwanza. Kuanza na jambo dogo linaloweza kufaulu. Kumruhusu mzee abadili msimamo bila kuaibika mbele ya watu. Kuandika yaliyokubaliwa. Stadi hizo zilimfikisha Dekha mbali: mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood, na nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, alikuwa miongoni mwa waliokusanyika Nairobi, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na Jenerali Lazaro Sumbeiywo, kutafuta njia ya kuwatuliza Wakenya. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani. Msingi wa kazi hiyo yote uliwekwa kati ya mabirika ya maziwa katika soko la Wajir.

Turejee kwa kijana anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi, maana yapo mambo mawili madogo yanayowaangusha watu wa kaskazini bila wao kujua. La kwanza ni macho. Katika nyumba nyingi za wafugaji kijana hamkazii macho mzee. Huangalia chini, na hiyo ni adabu. Anayehoji akiwa ametoka kwingine anaona mtu anayeficha jambo. Si lazima kijana aache adabu yake. Anaweza kumtazama anayeuliza wakati wa kujibu, kisha akashusha macho wakati wa kusikiliza. Wanaohoji nao wajifunze. Wakifanya kazi Isiolo bila kujua jambo hili watakataa watu wazuri. La pili ni kujisifu. Mtoto aliyelelewa vizuri huachia wengine wamsifu, kwa hiyo akiambiwa "tueleze ubora wako" hunyamaza au husema "ninyi ndio mtaona". Dawa ni kusimulia tukio badala ya kujisifu: siku fulani kisima kilikauka, tulikuwa watu wanne, mimi nilifanya hili, matokeo yakawa haya. Kusimulia lililotokea si majivuno, na watu wa Isiolo ni wasimulizi wazuri mno. Anayefanya mazoezi ya simulizi tatu za namna hiyo mbele ya dada yake au rafiki, jioni mbili kabla ya siku yenyewe, ataingia chumbani akiwa na kitu mkononi.

Akishapata kazi, jambo la kwanza la kumlinda ni kurudia maagizo. Msimamizi akisema, "Hizi peleka Garbatulla, zile ziache, halafu umpigie mwalimu," mfanyakazi mpya huitikia "sawa" kwa kuogopa kuonekana hakuelewa. Aseme: "Maboksi ya kijani Garbatulla, ya bluu yabaki, nampigia mwalimu mkuu au mwalimu wa zamu?" Sekunde kumi hizo huokoa safari nzima ya lori.

Pia kuna suala la bosi kijana na mfanyakazi mzee. Ajira za kaunti zimewaweka wengi katika hali hii: afisa wa miaka 28 anamsimamia dereva wa miaka 55. Kijana akianza kumwita dereva kwa jina tupu na kumfokea mbele ya wengine, amri yake itatekelezwa nusu nusu mpaka siku atakapohamishwa. Akisema, "Mzee wangu, naomba gari liwe tayari saa moja," amempa heshima na amri ameitoa vile vile. Dereva naye asichukue neno "mzee" kuwa ruhusa ya kuchelewa. Na msichana aliyeajiriwa kwa sifa zake aitwe kwa jina na cheo chake kama wanaume walioketi naye. Huyo hakuja ofisini kuchemsha chai ya wengine.

Lazima isemwe wazi kwamba stadi hizi hazina maana ya kuvumilia uovu. Wapo waajiri wanaosema "huyu hana nidhamu" wakimaanisha "huyu anauliza mshahara wake". Kuuliza mshahara uliochelewa, kwa maneno ya adabu na kwa maandishi, ni tabia njema. Mfanyakazi anayeagizwa aandike risiti ya uongo ana wajibu wa kukataa, na sheria inasema anayetakiwa kutii anatii amri iliyo halali na ya haki. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinakataza kumsumbua mfanyakazi kimapenzi, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi juu yake. Msichana aliyesumbuliwa asiambiwe ajifunze "kuelewana na watu". Na kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa utendaji duni, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake mmoja kazini au mwakilishi wa chama akiwepo, na asikilizwe. Aliyefukuzwa bila haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Hata hapo, anayefika akiwa na tarehe, barua na maelezo yaliyotulia husikilizwa vizuri kuliko anayefika na matusi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kifungu cha 44 kinahesabu kumtukana mwajiri au msimamizi kuwa kosa la kumwachisha mtu kazi mara moja, hata kama madai yake ya mwanzo yalikuwa ya kweli.

Wasimamizi wana sehemu yao. Lawama itolewe faraghani na sifa itolewe hadharani. Wengi hufanya kinyume. Juma la kwanza la mfanyakazi mpya apewe mtu mmoja wa kumuuliza maswali ya kipumbavu bila kuchekwa. Na msimamizi aliyekosea aombe radhi kwa maneno yale yale anayotaka kuyasikia kwa walio chini yake: "Nilikosea, nilikulaumu kwa jambo usilofanya." Kumnunulia mtu soda siku ya pili bila kusema lolote haitoshi.

Siku ya kuondoka kazini, kwa kuacha au kwa mkataba kuisha, kijana akumbuke namna zizi linavyokabidhiwa. Ahesabu vilivyo mikononi mwake, arudishe funguo, sare na simu ya ofisi, aonyeshe kazi iliyobaki nusu, na aandike karatasi moja inayosema hivyo na kutiwa saini na pande mbili. Aombe hati yake ya utumishi. Kisha amwendee msimamizi, au mwenzake aliyemwona akifanya kazi, na kumwuliza: "Nikitafuta kazi kwingine, naweza kutoa jina lako?" Akikubali, aandike jina lake kamili, cheo chake, na nambari inayopatikana. Kila baada ya miezi michache ampigie amjulie hali, asingoje mpaka awe na shida. Nambari iliyozimwa mwaka juzi haimsaidii mtu, na mwenye hoteli aliye na waombaji kumi mezani hatapiga mara ya pili.